Kuzuia joto la bati: uchague nini kwa dari na kuta za nyumba ya Mwanza

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hulipiga paa kutoka juu karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu mara nyingi fedha ya kwanza iende kwenye paa, ukuta usubiri. Kabla hujanunua chochote, ingia chumbani saa nane mchana, panda kwenye stuli, usogeze kiganja karibu na dari bila kuligusa. Rudi saa kumi na moja jioni uupime hivyo hivyo ukuta wa magharibi. Panapokuchoma zaidi ndipo pa kuanzia.

Bati lililoshika jua humwaga joto chini kama kaa linavyokuchoma uso ingawa umekaa mbali na jiko. Kinachozuia joto la namna hiyo kwa gharama ndogo ni foili ya alumini, lakini lazima uso wake unaong'aa utazame hewa. Ikibanwa, juu imegusa bati na chini imegusa pamba ya kuzuia joto, inabaki karatasi tu. Uso unaong'aa uelekee chini, kwa sababu ukielekea juu vumbi huufifisha.

Kwa nyumba mpya, foili hutandazwa juu ya papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, kabla ya bati kupigiliwa. Anza kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) ukipanda kuelekea kofia (kilele cha paa), kila safu ya juu ilalie ya chini kwa milimita 150, ili maji yanayoganda chini ya bati usiku yateremke nje, yasidondokee dari. Usiivute ikakaza kama ngoma. Iache ilegee milimita 25 hadi 40 kati ya papi na papi. Nyumba iliyokwisha kuezekwa haihitaji kung'olewa bati: foili hubanwa kwa pini chini ya mbao za kenchi (fremu inayobeba paa), ukiwa ndani ya dari. Hapo zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, usiridhike na kuzima taa. Australia, mwaka 2009 na 2010, mafundi waliokuwa wakibana foili darini waliuawa na umeme baada ya pini za chuma kutoboa nyaya.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba ya mita 8 kwa 10, paa likitokeza sentimita 60 kila upande, ina kivuli (eneo la chini ya paa) cha mita za mraba 103. Kwa mteremko wa nyuzi 20 paa lenyewe ni kama 110. Roli la mita 1.2 kwa 40, ukiondoa milalio, hufunika 42. Nunua maroli matatu.

Pamba ya kioo hulala juu ya dari, na yenyewe ndiyo inayopunguza pia kelele za mvua, jambo ambalo foili haiwezi. Unene wa milimita 100 unatosha kabisa kwa hali ya hewa yetu. Usiikandamize ili ienee, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Iache mbali sentimita 10 na taa zilizozama darini. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, inawasha vibaya.

Foamu nyeupe ngumu, ile ya maboksi ya samaki, inavutia kwa bei. Hatuishauri darini: hushika moto haraka, hulainika ikigusana na bati la moto, na waya wa umeme ukilala juu yake ganda la plastiki hukakamaa na kupasuka. Pumba za mpunga nazo ziachiwe tanuru za matofali; darini huleta panya na moto.

Hewa ya moto lazima itoke. Kwa dari la mita za mraba 80 acha matundu yenye jumla ya mita za mraba 0.53: nusu chini ya paa linapotokeza, nusu juu karibu na kofia. Tundu la sentimita 15 kwa 30 ni 0.045, kwa hiyo yawe 12. Ongeza hadi 18 kwa sababu wavu wa mbu hupunguza upepo. Hata hivyo usikose kuweka wavu, la sivyo popo watahamia.

Kuta zinahitaji kivuli kuliko kitu cha kubandika. Tofali la simenti la inchi 6 huchelewesha joto tu: jua la saa kumi huwafikia watu wakiwa kitandani. Ukuta wa magharibi upate baraza au paa linalotokeza, rangi nyeupe, au ukuta mwembamba wa pili wenye mwanya wa sentimita 5, wazi juu na chini. Nyumba iliyoegemea jabali, kama nyingi za milimani, ipandiwe mmea wa kutambaa juu ya jabali lenyewe, kwani jiwe hilo hutoa joto usiku hadi dirishani.

Mvua za Oktoba zikianza, panda darini na tochi. Pamba yenye doa la maji itoe, uzibe tundu la msumari, ndipo urudishe pamba kavu.