Namna ya kuandaa biashara yako kutimiza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na wafanyabiashara wengi hukimbilia kuandika sera ndefu ya faragha. Mimi nashauri uanze na daftari la wageni lililopo mapokezi. Mgeni anapojaza jina, namba ya simu na namba ya NIDA, anasoma pia za wote waliomtangulia, na mwenye simu anaweza kuupiga picha ukurasa mzima kabla mlinzi hajageuka. Jiulize kila safu ya daftari hilo ina kazi gani, na isiyo na kazi iondoe, kwa kuwa sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na halali, tena zisizidi mahitaji ya lengo hilo.

Pitia vivyo hivyo fomu za wateja, mafaili ya wafanyakazi, kamera za ulinzi na simu ya ofisi, ukiandika kila taarifa imetoka kwa nani, nani anaiona na itafutwa lini. Orodha hiyo itakurahisishia maombi ya usajili, maana mkusanyaji (anayeamua taarifa zitumike kwa lengo gani) na mchakataji (anayezishughulikia kwa niaba yake) wote wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuwa na afisa anayesimamia ulinzi huo.

Taarifa nyeti zitenge mapema. Wengi hudhani ni za afya pekee, kumbe zimo pia za watoto na za miamala ya fedha ya mtu, na kwa kawaida huwezi kuzichakata bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Hata kwa taarifa za kawaida, namba aliyoitoa mteja ili apelekewe mzigo hakuitoa ili aingizwe kwenye kundi la WhatsApp la matangazo. Muulize kwanza, na akikataa, mwache.

Mteja akitaka kujua una taarifa zake zipi, au akiomba zirekebishwe, awepo mtu wa kumjibu. Zikivuja, Tume ijulishwe bila kuchelewa. Ikiwa mfumo wako wa mauzo unahifadhi taarifa kwenye seva zilizo nje ya nchi, omba kibali cha Tume kabla ya kuzisafirisha, si baada ya kuulizwa.