Sponji ya godoro isiyowaka ovyo: fosforasi iingie kwenye mnyororo wa molekuli wenyewe
Sponji ya poliyurethani ikishika moto inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, moshi wake una saianidi na kaboni monoksaidi, mara nyingi huo ndo unaua kabla moto haujafika. Sasa nyie mnaomwaga sponji hapa Kampala, wengi mnachanganya tu TCPP (kimiminika cha kupunguza moto) au poda ya melamini kwenye polyoli, kile kimiminika kikuu cha kutengeneza sponji. Inasaidia, sikatai, ila TCPP haijashikana na kitu, inatoka pole pole inaishia kwenye vumbi la nyumba, na melamini usipoikoroga inatuama chini ya pipa. PentaBDE, dawa ya zamani ya kuzuia moto yenye bromini, usiguse kabisa, Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza, uliipiga marufuku 2009.

Mi napendelea polyoli yenye fosforasi. Ina OH zake (vishikio vya kemikali), inashikana na TDI, ile kemikali inayounganisha polyoli iwe sponji, na kubaki humo humo, na moto ukija inasaidia kufanya tabaka la mkaa juu.

Ila hizo OH zinakula TDI jamani! Usipoongeza, sponji inatoka legelege, ukibonyeza hairudi. Chukua 56,100 gawa kwa namba ya OH (kipimo cha wingi wa OH) iliyo kwenye karatasi ya muuzaji, tuseme ni 170, unapata 330, ndo uzito wa polyoli kwa kila kishikio kimoja. Ukitia kilo 10 kwenye polyoli kilo 100, basi 10 gawa kwa 330 zidisha kwa 87 (uzito wa TDI kwa kishikio chake kimoja), ni kama kilo 2.6 za TDI juu ya ile ya kawaida, na kama indeksi yako (TDI unayotia kwa kila 100 inayohitajika) ni 105 zidisha tena kwa 1.05.

Maji nayo, ndo yanashikana na TDI na kutoa gesi ya kuumua sponji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, resipi ya Mombasa ikija huku inaumuka zaidi, sponji inakuwa nyepesi na nyepesi ndo inaungua haraka. Punguza maji kidogo, na kila gramu 100 unazotoa toa na TDI gramu 967 hivi.

Anza na ndoo, bloku baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa TDI, tafuta ya chujio la kemikali, pumu yake haina mchezo. Iache siku nzima, kata kipande, kitundike nje pamoja na cha sponji ya kawaida, mchanga uwe karibu, simama upepo unakotoka, washa kwa chini. Angalia kinajizima chenyewe au la, na kama matone yanaendelea kuwaka yakifika chini. Hiyo ni ya kuchagua resipi tu, mteja wa hoteli akitaka cheti peleka maabara.