Kuchagua Mbegu na Kulima Nyanya Nyuma ya Nyumba

Makopo ya mbegu za nyanya yaliyopangwa kwenye rafu ya duka la pembejeo hufanana sana: kila moja lina picha ya nyanya nyekundu inayong'aa, na kila moja linaahidi mavuno mengi. Anayelimia soko hujua anachokitafuta humo, kwa sababu nyanya yake itasafiri ndani ya tenga kutoka Ilula, mkoani Iringa, hadi Dar es Salaam na inahitaji ganda gumu kuliko inavyohitaji ladha. Anayelima miche kumi au ishirini kwa ajili ya jiko lake hana safari hiyo, na vigezo vyake ni vingine: joto la mahali alipo, nafasi aliyonayo, magonjwa yaliyomo katika udongo wake, na kile anachopenda kupika. Nitaanza na hivyo kabla ya kufika kwenye utunzaji, kwa kuwa mbegu isiyofaa mahali haiokolewi na mbolea.

Nilijifunza jambo hilo kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa bustani Dar es Salaam nilisia Money Maker mwezi wa Oktoba, kwa sababu ndiyo nyanya niliyokuwa nimeizoea milimani Lushoto. Kufikia Januari mimea ilikuwa imenifika kifuani, imeshona majani, na maua yalitoka kwa wingi. Lakini kila asubuhi niliyakuta yamelala juu ya matandazo, vikonyo vimegeuka njano na kukatika pale penye kifundo. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Nyanya hutunga matunda vizuri pale usiku unapopoa, na joto la usiku linapobaki karibu na nyuzi 24 au zaidi, kama ilivyo pwani wakati wa kaskazi, chavua hupoteza nguvu na ua huanguka tupu. Hata matunda machache yaliyotunga hayakuiva mekundu bali ya rangi ya chungwa, kwa kuwa wekundu wa nyanya haujengeki sawasawa joto likizidi nyuzi 30.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa atafanya vyema kusia kitalu mwezi wa Aprili, akapandikiza masika yanapoelekea ukingoni, ili mimea itoe maua Juni na Julai, wakati wa kipupwe. Akilazimika kulima kipindi cha joto, nyanya ndogo ndogo za kishada, zile zenye ukubwa wa zabibu au kuzidi kidogo, huvumilia kuliko nyanya kubwa. Milimani, kama Lushoto, Njombe au Mbeya, tatizo hugeuka: joto si adui, bali mvua na ukungu unaolala juu ya majani na kuleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuuangusha mstari mzima ndani ya wiki moja. Huko ni heri kungoja mvua zikatike na kumwagilia kwa mkono, au kuweka paa la nailoni juu ya mimea.

Baada ya majira, angalia umbo la mmea. Nyanya fupi, kama Cal J, Tanya, Roma VF na Rio Grande, hukua hadi kimo fulani, husimama, kisha huzaa kwa mkupuo mmoja wa majuma machache. Nyanya ndefu, kama Money Maker na chotara aitwaye Anna F1, huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi kadhaa, mradi zipate fito imara, kamba na mtu wa kuzipogolea. Fupi zinamfaa mwenye ndoo barazani, au anayetaka nyanya nyingi kwa pamoja ili azisage na kuzihifadhi. Ndefu zinamfaa mwenye kipande cha ardhi na saa moja ya kazi kila wiki, naye atachuma kidogo kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Mimi huchanganya, theluthi mbili fupi na theluthi moja ndefu, lakini nakiri kuwa ndefu nazipanda kwa ajili ya kachumbari tu: zina maji mengi na uchachu mzuri, ilhali kwenye mchuzi hukulazimu kukaanga muda mrefu mpaka maji yakauke. Tanya na Roma zina nyama nzito na mbegu chache, na mchuzi wake hushika upesi.

Herufi zinazofuata jina la mbegu si pambo. V na F katika Roma VF humaanisha kwamba aina hiyo inastahimili mnyauko unaoletwa na kuvu wa vetisilia na wa fuzari. N ikiongezwa, inastahimili pia minyoo fundo wanaojaza vinundu kwenye mizizi. Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru mkoani Arusha, ilizalishwa hasa kwa kuzingatia mnyauko fuzari na minyoo hiyo, na mpaka leo ni chaguo la busara kwa bustani iliyokwisha kulimwa nyanya mara nyingi. F1, kwa upande mwingine, si jina la ugonjwa: huonyesha kwamba mbegu ni chotara wa kizazi cha kwanza, mwenye nguvu na mwenye bei, ambaye watoto wake hawatafanana naye ukizipanda mbegu zake tena.

Herufi hizo hazikulindi dhidi ya mnyauko bakteria, na huu ndio unaovunja moyo wa walimaji wengi wa nyumbani. Mmea hulegea mchana ukiwa bado kijani kabisa, usiku hujaribu kuinuka, na siku ya tatu au ya nne haurudi tena. Kabla ya kulaumu ukosefu wa maji, fanya jaribio hili. Kata kipande cha shina chenye urefu wa kidole, karibu na ardhi, kisha kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, ncha iliyokatwa ikielekea chini. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye jeraha, ni bakteria. Ng'oa mmea pamoja na udongo ulioshika mizizi, usiutupe kwenye shimo la mboji, wala usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu au viazi mviringo, kwa maana hao wote ni ndugu na bakteria huweza kukaa ardhini kwa miaka. Weka hapo mahindi au vitunguu, na nyanya zihamishie kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, zilizojazwa sehemu mbili za udongo usiowahi kupandwa jamii hiyo, sehemu moja ya samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga.

Kitalu hakihitaji maelezo mengi. Sia mbegu kwa mistari yenye nafasi ya kiganja kimoja, zifukie kwa kina kisichozidi sentimita moja, tandaza nyasi kavu juu yake na uziondoe mara tu miche inapochomoza, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi. Kifunike kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo, kwa sababu ugonjwa uitwao rasta, unaokunja majani na kudumaza mmea, huletwa na inzi weupe, na mche ulioambukizwa ukiwa kitaluni hautakupa kitu. Miche huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne, ikiwa na majani manne au matano ya kweli. Wiki ya mwisho punguza maji ili ikomae.

Pandikiza jioni, au siku ya mawingu. Nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari inatosha kwa nyanya fupi; ndefu zipe 50 kwa 75. Katika kila shimo changanya viganja viwili vya samadi iliyooza na kijiko cha chai cha DAP, mbolea ya kupandia, uikoroge na udongo vizuri ili punje za mbolea zisiguse mizizi. Zamisha mche hadi karibu na majani ya chini, kwani nyanya huotesha mizizi kwenye sehemu ya shina iliyofukiwa. Baada ya wiki tatu weka kijiko cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, kwa kuzunguka shina, umbali wa kiganja, na uifukie. Usishawishike kurudia kila wiki: nitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri cha kutazamwa.

Kumwagilia ndiko kunakohitaji nidhamu kuliko kazi nyingine zote. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina na si juu ya majani, na kiasi kiwe kilekile siku zote. Mmea mkubwa ulio kwenye ndoo, katika jua la pwani, unaweza kumaliza lita mbili kwa siku. Udongo unaokauka kabisa kisha ukafurikishwa ndio unaosababisha kitako cha tunda kuwa na doa jeusi lililobonyea kama ngozi. Wengi huambiwa wafukie maganda ya mayai, kwa kuwa tunda limekosa chokaa. Ni kweli limekosa, lakini mara nyingi chokaa imo ardhini na kilichokosekana ni maji ya kuipandisha. Na ganda la yai huchukua muda mrefu mno kuoza kiasi cha kumfaa mtu msimu huohuo. Tandaza nyasi kavu zenye unene wa vidole vinne, dumisha ratiba ya maji, na matunda yatakayofuata yatakuwa mazima.

Nyanya ndefu zifungwe kwenye fito kwa fundo legevu la katani, na machipukizi yanayoota kwapani mwa majani yavunjwe kwa vidole yakiwa bado madogo, asubuhi, ili jeraha likauke mapema. Nyanya fupi usizipogolee hivyo, maana mavuno yake hutoka kwenye matawi hayohayo. Ondoa tu majani ya chini yanayogusa udongo.

Kantangaze, mdudu aliyefika Tanzania karibu mwaka 2014, hutambulika kwa mabaka angavu kwenye majani, kana kwamba mtu amekwangua nyama ya jani na kuacha ngozi mbili. Ukilielekeza jani kwenye mwanga utamwona kiwavi mwenyewe ndani, na punje nyeusi za kinyesi chake. Kwa mimea ishirini, jicho na vidole vinashinda bomba la dawa: pita kila siku ya tatu, chuma majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa, uyafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani kwa wiki moja. Ukilazimika kupiga dawa, soma kwenye kibandiko idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma, na uzihesabu kweli.

Matunda huanza kuiva siku 70 hadi 90 baada ya kupandikiza, kutegemea aina. Chuma yanapoanza kupata wekundu kitakoni, kabla ndege hawajakuwahi, na yaivishe ndani, kivulini. Jokofu huyaondolea ladha. Kama ulipanda Tanya, Cal J au Tengeru 97, ambazo si chotara, teua matunda mawili kutoka kwenye mmea uliokuwa na afya msimu mzima, yakamulie kwenye glasi, na uache mbegu na ute wake zichache kwa siku mbili au tatu mpaka utando mweupe utokee juu. Zioshe, mwaga zinazoelea, anika zilizozama kwenye sahani kivulini. Usitumie karatasi, kwa sababu zitaganda na hutazibandua. Zikikauka, ziweke kwenye bahasha na uandike aina, mwezi na mahali mmea ulipokuwa umesimama.