Fallout 4: kiungo gani cha kupiga, na kwa adui yupi

Wengi wanaoanza Fallout 4, gemu ya kupigana kwa silaha, hulenga kichwa kwa kila adui, risasi zinapotea na adui bado anakuja. Kichwa kinaumia zaidi, ni kweli, lakini ni kidogo na hakitulii. Kabla ya kufyatua jiulize huyu anakudhuru kwa kitu gani: mbio, silaha, au kucha? Hicho ndicho cha kumnyang'anya kwanza.

Kufungua VATS, mfumo wa gemu wa kuchagua kiungo cha adui cha kupiga, ni L1 kwenye padi ya PS4, Q kwenye kompyuta. Kila kiungo kitaonesha asilimia ya uwezekano wa risasi kupata, pamoja na mstari wa afya yake. Kwenye PS4, chagua kiungo kwa kijiti cha kulia, bonyeza R2 mara moja kwa kila risasi, kisha X. Kila risasi inakula AP (pointi za vitendo), ule mstari wa chini kulia, na silaha nzito zinakula zaidi ya bastola. Asilimia haivuki 95, kwa hiyo hata ukiwa uso kwa uso naye, risasi inaweza kukosa.

Aliyezoea Fallout 3 ya mwaka 2008, ambako kila kitu kilisimama, ajihadhari: hapa muda unapungua kasi tu. Ukikaa kufikiria, adui anaingia nyuma ya ukuta na asilimia 70 inashuka hadi sifuri. Amua kiungo kabla ya kubonyeza L1.

Feral Ghoul, mtu aliyegeuka kama zombi, hana bunduki; nguvu yake ni kukurukia. Mpige mguu mmoja mpaka ukatike, atabaki anatambaa nawe una nafasi ya kurudi nyuma. Deathclaw, dude kubwa lenye kucha ndefu, vivyo hivyo, miguu kwanza, ila wake ni mgumu. Kosa linalowamaliza watu ni kugawa risasi, mbili kulia na mbili kushoto, mwishowe miguu yote miwili imejeruhiwa na hakuna uliolemaa. Maliza mmoja. Ukiwa na uwezo wa Concentrated Fire, unaohitaji Perception (kipimo cha umakini wa mhusika wako) kufika 10, kila risasi inayofuata kwenye kiungo kilekile inaongezewa asilimia, basi kung'ang'ania kunalipa maradufu.

Mirelurk ni kaa, na anayejua kaa wa mikokoni Pemba anajua gamba halipigwi. Subiri akugeukie, piga uso. Ukimpiga mgongoni unachoma risasi bure.

Wanaocheza kwa saa kwenye vibanda vya gemu, hifadhi kabla ya pambano kubwa. Umeme ukikatika, pambano unalianza upya.

Kuna Super Mutant, jitu la kijani, anayekimbia na bomu mkononi. Utasikia mlio wa pi-pi-pi kabla hujamwona. Akiwa mbali na wenzake wamemzunguka, lenga mkono ulioshika bomu, litawaondoa wote. Akishakukaribia, usiuguse mkono huo. Hapo tumia pigo la kritiko (pigo lenye madhara zaidi, linalojazwa kadiri unavyopiga ndani ya VATS) ulilolihifadhi, kwa kuwa kritiko haikosi hata asilimia ikiwa ndogo, na lielekeze kichwani. Akifa kabla hajalipuka, bomu unalichukua mwenyewe.