Kutembelea makanisa ya zamani ya vijijini Uingereza na Wales

Nyie wa Uganda mlioenda Uingereza kusoma au kwa kyeyo, vile vibarua vya ughaibuni, ama mnaenda tu kumsalimia dada, mkishamaliza mapicha ya London tafuteni siku moja muende kanisa la kijijini, kuna mengine yana miaka zaidi ya 800 na watu bado wanasali humo. Westminster Abbey unalipa kuingia na hela yenyewe si kidogo, la kijijini kwa kawaida hakuna anayekuuliza tiketi.

Kama huna gari usiende Jumapili, mabasi ya kule siku hiyo ni ya kuhesabu au hayapo kabisa na hakuna boda ya kukuokoa. Alafu usidhani Jumapili lazima utakuta ibada, siku hizi mchungaji mmoja anaweza kuwa na makanisa manne matano anazunguka. Nenda katikati ya wiki, mchana, na beba sweta hata kama ni Julai, ndani ya yale mawe ni friji.

Ukifika usikimbilie kuingia. Zunguka upande wa kusini uangalie mawe karibu na mlango, kwa makanisa ya zamani sana utaweza kuona katundu kadogo na mistari imekwaruzwa kutokea pale, hiyo ndo ilikuwa saa yao, walikuwa wanachomeka kijiti na kivuli kinawaambia muda wa misa. Wageni wengi wanaipita tu.

Mlango nao una namna yake. Kuna pete ya chuma, izungushe mpaka usikie komeo limeinuka ndani, ndo usukume na bega, ukigoma usiondoke haraka, izungushe upande wa pili. Kama kweli umefungwa soma matangazo hapo kibarazani, mara nyingi wameandika ufunguo uko kwa nani, nenda tu ukapige hodi bila aibu. Na ukikuta mlango wa wavu ufunge nyuma yako tafadhali, ndege wakiingia wanashindwa kutoka, wanafia humo.

Ndani anzia kwenye beseni la mawe la ubatizo, kwa kawaida liko karibu na mlango, na upapase ukingo wake juu. Ukikuta alama za vyuma vilivyong'olewa, hapo palikuwa na kufuli, maana tangu karne ya 13 maaskofu waliamuru mabeseni yafungwe, watu walikuwa wanaiba maji yaliyobarikiwa wakafanyie uchawi. Eti wazungu! Na sisi ndo tuliambiwa uchawi ni wetu.

Zile kuta nyeupe pia zisikudanganye. Zamani zilijaa picha, watakatifu, siku ya hukumu, mashetani wanavuta watu motoni, alafu karne ya 16 Waingereza walipoachana na Papa wa Roma wakazifunika kwa chokaa. Llancarfan, kule Wales kusini, wameikwangua chokaa hiyo miaka ya karibuni tu wakamkuta Mtakatifu George na joka lake. Kwa matao, la nusu duara mara nyingi ni la Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliokuja kuiteka Uingereza 1066, lililochongoka juu ni la baadaye, hiyo peke yake inakutosha kukisia umri.

Ukitaka la zamani kuliko yote yanayotumika mpaka leo nenda St Martin's pale Canterbury, Bertha, malkia wa Kent, alikuwa anasali hapo kabla Augustino, mmisionari aliyetumwa na Papa, hajafika 597. Greensted kule Essex kuta zake ni magogo ya miti yaliyopasuliwa. Mimi lakini Mganda ningempeleka Hurstpierpoint, Sussex, ndo alikotoka Askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885 na kaburi lake liko Namirembe, Kampala.

Picha piga, ila kukiwa na mazishi au ibada weka simu mfukoni. Sadaka tumbukiza kwenye sanduku la ukutani, au gusisha kadi kwenye kile kimashine, paa hilo la madini ya risasi linavuja na wanakijiji wenyewe ndo wanachangishana kulirekebisha.