Chuma cha nyonga kikilegea: namna ya kumtazama mzee wako

Nazunguka Mji wa Kale na Likoni, hapa Mombasa, nikiwafanyisha mazoezi wazee waliobadilishwa nyonga. Barazani huulizwa: "Mwanangu, chuma changu kimeshikwa na saruji, kitalegeaje?"

Hii saruji, aliyoieneza daktari John Charnley wa Uingereza miaka ya 1960, si gundi. Inajaza nafasi kati ya chuma na mfupa, kama chokaa inavyobana fremu ya dirisha kwenye ukuta wa matumbawe. Ikigandamizwa ni imara; ikivutwa ni dhaifu, na hatua za miaka huitia nyufa. Kile kikombe cha plastiki kilichowekwa kwenye tundu la nyonga, ambamo kichwa cha chuma huzunguka, nacho husagika. Seli za kinga hung'ang'ana na unga wake, haziuwezi, na vurugu hiyo huamsha seli zinazokula mfupa. Hapo chuma hupata pa kuchezea. Wengi hupita miaka 15 bila shida, kwa hivyo usimtie mzee hofu.

Mtazame hivi. Mwache akae mpaka amalize kahawa yake, kisha ainuke mwenyewe. Angalia hatua tatu nne za mwanzo. Maumivu yanayomkata hapo, halafu yakapoa akishashika mwendo, mimi siyapuuzi. Mwambie aonyeshe kwa kidole: pajani, nashuku shina lililo ndani ya mfupa, kwenye kinena, nashuku kikombe. Mgongo nao hudanganya, lakini: maumivu yake huweza kushuka hadi hapo. Tazama pia pindo la dera: likianza kuburura upande mmoja, huenda mguu umefupika.

Kisha tafuta picha ya eksirei ya baada ya upasuaji. Hiyo ndiyo mali! Picha mpya peke yake haimwambii daktari mengi. Akizilinganisha ataona mstari mweusi unaotanuka kando ya saruji, au shina lililozama. Ihifadhi pakavu, unyevu wa hapa pwani hauna huruma.

Kumkanda kwa mafuta ya nazi kunamburudisha, ila hakukazi chuma. Akiwa na homa, kovu likitoa maji, au maumivu yasipomwacha hata usiku amelala, huenda ni vijidudu: mpeleke upesi, na usimnunulie antibiotiki dukani, zitavuruga kipimo cha maji ya nyonga. Akishindwa kabisa kukanyaga, ni hospitali siku hiyo hiyo, tena si kwa tuktuk. Tafuta gari atakaloweza kunyoosha mguu.