Nyanya ikinyauka ghafla usikimbilie dawa, chukua glasi ya maji kwanza

Jana mche ulikuwa fresh kabisa, leo mchana umelala kama umemwagiwa maji ya moto na majani bado ya kijani. Wengi hapo wanapiga dawa ya fangasi, na ndo pesa inapoteketea, maana kama ni mnyauko bakteria hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Hakuna.

Pima kwanza. Ng'oa mche ulionyauka leo, sio uliokauka wiki iliyopita, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole hivi, afu kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini tu ndo iguse maji. Usitikise. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi usubiri kama dakika 5. Ukiona vinyuzi vyeupe kama maziwa vinashuka taratibu toka kwenye shina basi ndo mnyauko bakteria wenyewe, bakteria anaitwa Ralstonia solanacearum. Kisiposhuka kitu, na majani ya chini yalianza njano upande mmoja na shina ndani limekuwa kahawia, shuku fusari, hiyo ni fangasi. Hapo angalau trikoderma, yaani fangasi rafiki anayepambana na fangasi wabaya, ina maana, kwa bakteria usiitegemee sana.

Sasa kama ni bakteria, toa mche na mizizi na udongo wake, tia kwenye mfuko palepale ulipo, usiuburute shamba zima, kauchome. Sio kwenye mboji jamani, wala mferejini, maji ndo usafiri wake. Jembe na kisu vioshe udongo kwanza afu vichovye kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji.

Msimu ujao usirudishe nyanya, na biringanya, pilipili au viazi mviringo navyo usiweke, hao wote ukoo mmoja. Weka mahindi au mtama misimu kadhaa. Na mnavu ung'oe, we unadhani umepumzisha shamba kumbe bakteria wanakula humohumo.

Huna shamba lingine? Pandikiza: nyanya juu, chini mizizi ya biringanya inayostahimili bakteria huyo, aina ya EG203 ni mojawapo. Kata mashina yote mawili mshazari, yaunganishe, bana kwa klipu, weka kivulini penye unyevu wiki moja hivi. Ukihamishia shambani kiungo kikae juu ya udongo, ukikifukia tu nyanya inatoa mizizi yake yenyewe na bakteria anaingilia hapohapo.